Umeacha kuamini lakini bado unashika pesa za sadaka: ubaki, ujitoe ama useme wazi?

Toka watu wajue mi hufanya hesabu za vikundi huku Mombasa, vyama, makanisa, hata madrasa, hili swali hunifikia sana na karibu kila mara huja vilevile. Mtu ni mweka hazina wa kanisa, ama yuko kwa kamati ya msikiti, ama ndiye laini yake inapokea michango ya mtaa, na dini yenyewe imeshamtoka moyoni. Hajagombana na pasta, hajakosana na imamu, ameacha tu kuamini. Wengine wanasema ilianza pole pole, wengine ni yale ya Shakahola 2023, pale Kilifi wafuasi wa mhubiri mmoja walipofunga mpaka kufa, miili ikapita mia nne, ikabidi watu wajiulize maswali ambayo hawakuwahi kujiuliza. Sasa kila Jumapili ama kila Ramadhani bado anapokea pesa za watu wanaoamini, na hajui kama ni haki. Mi nimeona watu wakichukua njia tofauti na zote zina bei yake, kwa hivo wacha nizipimanishe hapa, alafu we uangalie yako iko wapi.

Lakini kwanza jiulize pesa unaishika vipi, manake watu husema "nashika sadaka" kama ni kazi moja, na sio moja. Kuna kuhesabu na kutunza: unafungua bahasha, unaandika kwa kitabu, unapeleka benki, unatoa vocha. Kuna kuamua: uko kwa kamati inayosema hii iende kwa mabati, hii kwa mjane fulani. Na kuna kuomba: unasimama mbele ya watu na kuwaambia toeni, mkitoa mtapata hivi na vile. Konda wa matatu za Likoni si lazima awe anaenda Ukunda ndio achukue nauli yako, lakini akikwambia gari inafika Ukunda na yeye anajua inaishia Ng'ombeni, hapo amekuibia hata kama chenji amekupa yote. Mimi msimamo wangu uko hapo. Kuhesabu bila imani kunawezekana na mtu akabaki muaminifu kabisa, kuomba bila imani hakuwezekani, na kuamua kuko katikati, inategemea pesa ni ya aina gani.

Haya, njia ya kwanza ni kubaki kimya, kazi ileile, hakuna anayejua. Watu wengi ndio wako hapa na wengi wanajiona wanafiki kupita kiasi. Ukweli ni kwamba ukiwa kazi yako ni kuhesabu tu, sioni unafiki mkubwa hivo. Angalia hata hadithi ambazo sisi sote tumezisikia tangu utotoni: Mtume alipohama Makka mwaka 622, Makuraishi waliokuwa wakimpinga walikuwa bado wameweka amana zao kwake, na alimwacha Ali nyuma azirudishe moja moja kwa wenyewe. Na katika safari hiyohiyo, aliyewaongoza njia yeye na Abubakar alikuwa Abdullah bin Urayqit, mtu ambaye wakati huo alikuwa bado kwenye dini ya Makuraishi, akakabidhiwa ngamia na siri ya pale walipojificha, akaja siku ile ile waliyoagana. Ukienda upande wa pili, kwa Wakristo, aliyebeba mfuko wa pesa wa wale kumi na wawili alikuwa Yuda, na Injili ya Yohana inasema wazi alikuwa akiiba vilivyomo, na huyo alikuwa ndani kabisa, si mtu wa nje. Kwa hivo ile hofu ya "mtu asiyeamini ataziiba" haina msingi, na ile raha ya "anaamini, atakuwa salama" haina msingi vilevile, ndio maana Paulo akipeleka mchango wa Yerusalemu hakuubeba peke yake, alitaka wengine waende nao ili mtu asije kumlaumu (iko 2 Wakorintho 8). Uaminifu wa pesa ni mambo ya watu wawili kuhesabu pamoja na kitabu kilicho wazi.

Uzuri wa kubaki kimya basi ni huo, hesabu hazivurugiki, nyumbani hakuna vita, na kanisa halipotezi labda mtu pekee anayejua kulinganisha vitabu na stetimenti ya benki. Ubaya wake ni kwamba kazi haikai palepale. Leo unahesabu, kesho pasta amesafiri unaambiwa we mweka hazina hebu simama utuombee matoleo, na ukisimama utasoma Malaki 3:10, madirisha ya mbinguni, kwa mama anayeuza viazi karai pale nje na ametoa mia mbili ambayo ilikuwa ya mtaji wa kesho. Hapo ushatoka kwa kuhesabu ukaingia kwa kuahidi kitu ambacho huamini kipo. Mtu akiniuliza mwisho wa kubaki kimya uko wapi ntamwonyesha hapo. Na soma katiba ya kanisa lako pia, manake makanisa mengi yanataka kiongozi awe mshiriki kamili, na kama wewe huwezi kushiriki kwa dhati basi unakalia kiti ambacho waliokichangia hawakukusudia ukikalie.

Njia ya pili ni kubaki lakini ubadilishe mkono, yani utoke kwa kuomba na kuamua ubaki kwa kuhesabu. Najua jamaa wa Mikindani alikuwa ndiye mwenyekiti wa harambee ya jengo, mtu wa kushika maikrofoni, na siku alipojua hana imani tena alimwambia mzee wa kanisa kwamba kazi ya mbele imemchosha, angependa kusaidia nyuma. Wakampa kuhesabu na wenzake wawili. Hakudanganya mtu, hakutangaza kitu, na sauti yake haitumiki tena kuwatoa watu pesa. Nikiipima na ile ya kwanza hii ni bora karibu kila upande, isipokuwa mambo mawili: inahitaji kanisa liwe na watu wa kutosha wa kugawana kazi (vikanisa vidogo vya mabati kwenye mitaa ya hapa kama Bangladesh na Jomvu mtu mmoja ndiye kila kitu), na maswali hayaishi, utaulizwa "kwani siku hizi vipi, zamani ulikuwa unatuchangamsha". Inakubeba miezi, pengine mwaka. Nani atakaa maisha yake yote akihesabu sadaka za dini aliyoiacha, sijamuona bado.

Hapa niweke mabano marefu kidogo kuhusu msikiti, manake watu hupima kwa kanisa peke yake na mambo hayafanani. Sadaka ya kanisani nyingi huingia kwa mfuko mmoja alafu kamati inapanga. Msikitini pesa huja na masharti yake tayari. Zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikakaa mwaka wa mwezi mwandamo, na wa kupewa wametajwa kwenye Sura ya At-Tawba aya ya 60, mafungu manane, huwezi kuongeza la tisa kwa sababu umeona ni zuri. Na mmoja wa hao wanane ni yule anayezikusanya, ana haki ya kulipwa kutoka humo humo. Sasa wanazuoni wengi wameweka sharti mkusanyaji huyu awe Muislamu. Kwa hivo mtu aliyetoka kwenye dini moyoni na bado anazunguka Kisauni akikusanya zaka na kuchukua fungu lake, hapo hata kama anahesabu vizuri kuliko wote, anakula fungu ambalo aliyetoa hakuliweka kwa ajili yake. Aliyetoa zaka ametekeleza nguzo, si mchango tu wa kusaidia watu. Mimi hapo sina huruma na njia ya kwanza, toka kwa zaka mapema, hata kabla hujaamua mengine.

Fitri ni hivo hivo lakini ina saa. Inatakiwa iwafikie maskini kabla ya sala ya Idi, ikipita hapo inahesabiwa sadaka ya kawaida tu. Kwa hivo usije ukapata ujasiri wa kujiuzulu tarehe 28 Ramadhani na magunia ya mchele bado yako stoo kwako na orodha ya nyumba unaijua peke yako. Maliza kugawa, au mkabidhi mwenzako orodha na funguo mapema, alafu ndio uondoke. Wewe imani imekutoka lakini bibi wa Majengo bado anangoja mchele wake.

Wakfu ndio mgumu zaidi. Mji wa Kale kuna nyumba na maduka ambayo kodi yake ni ya msikiti au ya mayatima, aliyeweka wakfu huenda alikufa kabla ya baba yako kuzaliwa, na huwezi kumpigia simu umuulize kama hajali msimamizi wake awe haamini. Kanuni ya mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ni kwamba sharti la aliyeweka wakfu linashika kama andiko la sheria yenyewe. Ukiwa mutawalli, yani msimamizi wa wakfu, na umerithi usimamizi kwa babako, mimi ningesema pima hivi: sharti linasema nini? Likisema kodi iende kwa taa na maji ya msikiti, unaweza kuikusanya na kuipeleka kwa uaminifu huku ukitafuta wa kukupokea, ami yako au ndugu yako. Likisema msimamizi awe mtu wa dini na swala, hapo ushatoka, na Tume ya Wakf Kenya ofisi zake ziko hapahapa Mombasa, ndio pa kwenda kuuliza utaratibu wa kubadilisha msimamizi. Usiiache nyumba bila mwenyewe ati kwa sababu unaona haya, manake mali ya wakfu isiyo na mtu huliwa haraka sana mji huu.

Nikirudi kwa njia zenyewe, ya tatu ni kujiuzulu kimya kimya ukakabidhi vizuri. Hii ndio mimi nilichukua, nilikuwa nikishika hazina kwenye kanisa moja upande wa Changamwe, na bado naona kwa watu wengi ndio yenye hasara ndogo. Unatoa sababu ya kweli ambayo si yote: "nimetumikia vya kutosha, sina moyo wa kazi hii tena, tafadhali nipeni wa kumkabidhi". Hakuna uongo hapo. Hudaiwi na kamati kueleza hali ya roho yako, kamati inakudai hesabu.

Lakini kimya isiwe kutoroka. Mtu akitoweka na vitabu, hata kama hajagusa senti, wiki ya pili mtaa mzima unasema amekula pesa, na ikija kujulikana haamini tena basi ndio kabisa, watasema aliacha dini ili aibe. Kwa hivo kabidhi kwa maandishi. Stetimenti za benki na za M-Pesa mpaka siku ya kukabidhi, kitabu cha hundi na zile hundi zilizoharibika, vocha na risiti, pesa taslimu mhesabu mbele ya watu wawili na wote watie saini, orodha ya madeni na ahadi. Jina lako benki litoke kwa barua na muhtasari wa mkutano, manake kujiuzulu kwa mdomo hakukuondoi kwa watia saini, kuna watu wameitwa na benki muda mrefu baada ya kuacha kanisa. Paybill nayo, ile namba ya kanisa ya kupokelea M-Pesa, watu huisahau kabisa, aliyeandikishwa kama msimamizi wake abadilishwe na nywila ibadilishwe ukiwa umekaa hapo hapo. Kama mlikuwa mkipokelea kwa laini yako binafsi (mlikuwa mnafanya nini lakini?) tangaza siku ya mwisho, na kitakachoingia baada ya hapo kirudishe kwa aliyetuma au kipeleke na risiti. Kama kanisa limesajiliwa kwa Msajili wa Vyama, mabadiliko ya viongozi hupelekwa kule pia, hakikisha mwandishi amefanya, usichukulie tu kwamba amefanya. Na ile orodha ya watoaji, majina, namba za simu na nani hutoa ngapi, usibaki nayo kwenye simu, Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na hata bila sheria, kujua fungu la kumi la jirani yako wakati we si wa pale tena ni kitu cha kufuta.

Njia ya nne, kusema wazi. Ukiisoma kwa mitandao ya watu wa Ulaya na Marekani utaona ndio wanayoisifu zaidi, na sikatai ina heshima yake, aliyetoa pesa anajua kamili nani anaishika na anaamua mwenyewe. Katiba ya 2010 kifungu cha 32 inakupa uhuru wa dhamiri na inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Sawa. Lakini katiba haitakupikia, haitakuozesha, na haitakaa na mamako akilia. Kwa upande wa Waislamu kuna jambo la kisheria pia: Mahakama ya Kadhi kwa kifungu cha 170 husikiliza ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote wanakiri Uislamu na wamekubali kwenda kwake, na kwa fiqhi asiye Muislamu hamrithi Muislamu. Kwa hivo kutangaza kunaweza kufika mpaka kwa nyumba ya babako, si pale kwa kamati peke yake. Binti anayeishi kwao na mwanamume mwenye kazi na nyumba yake hawalipi bei moja kwa maneno yaleyale, na anayewaambia wote wawili "sema ukweli tu" hajafikiria.

Ila kati ya kimya na kutangaza kuna kumwambia mtu mmoja, na watu husahau hilo. Pasta au mwenyekiti ambaye unajua hana mdomo. Ukimwambia huyo, swali la "je, napokea kwa udanganyifu?" limepata jibu kutoka kwa mtu mwenye haki ya kulijibu, anaweza kusema kaa mpaka mkutano mkuu tumalize hesabu, na hapo unakaa kwa ruhusa. Nikilinganisha, hii naipenda kuliko tangazo la mbele ya watu, lakini chagua mtu vizuri, kuna wachungaji ambao siri yako itakuwa mfano wa mahubiri Jumapili ijayo bila jina lakini kila mtu anakujua.

Sasa kuna njia moja ambayo watu hunitajia wakiwa wameshusha sauti na wanaiona ya busara: kubaki kisha uigeuze pesa iende pazuri zaidi. "Watu wanachanga mabati ya milioni na mtoto wa jirani yuko hospitali ya Makadara anahitaji kufanyiwa operesheni, si bora niipeleke kule?" Moyo naulewa. Jibu ni hapana, na sio kwa sababu mabati ni matakatifu. Pesa haikuwa yako ulipoamini na haijawa yako ulipoacha. Ukiwa na wazo zuri lipeleke kwa kamati wazi wazi, wakikataa wamekataa, toa yako mfukoni. Kuchukua uliyokabidhiwa ukaitumia kwa kitu kingine kwa siri ni wizi kwa Kanuni ya Adhabu, na hakimu hatakuuliza kama ilienda kwa mtoto mgonjwa au kwa gari. Anayeona pesa fulani si safi, tulishaona inavyofanywa: Novemba 2024 Rais alitoa mamilioni kwa kanisa Katoliki la Soweto kule Nairobi na Askofu Mkuu Anyolo akaagiza zirudishwe kwa mwenyewe. Hakusema basi tuzipeleke kwa mayatima kimyakimya.

Kuna na wale ambao sio wahesabu, ni wahubiri wenyewe, wanaoishi kwa sadaka. Hao hali yao ni nzito kuliko yote niliyosema manake kazi yao nzima ni ile kuomba, na ukiacha unapoteza mshahara, nyumba ya kanisa na ada za watoto siku moja. Marekani kulianzishwa The Clergy Project mwaka 2011 kwa viongozi wa dini walioacha kuamini, na sehemu kubwa ya shida wanayosaidia ni hiyohiyo ya kutafuta kazi nyingine. Kwa mhubiri naweza kukubali muda wa kujipanga, ajifunze kazi, aweke akiba, lakini katika muda huo ashuke kwenye mahubiri ya panda mbegu uvune. Ahubiri ya kumpenda jirani, hayo anaweza kuyasema na moyo mzima.

Na usichanganye shaka na kuacha. Mama Teresa alikufa 1997, barua zake zilipochapishwa 2007 watu wakashangaa kusoma miaka na miaka ya giza, hamhisi Mungu kabisa, na wakati wote huo alikuwa akipokea michango ya dunia nzima na kazi inaendelea. Yeye hakusema ameacha. Kama na wewe uko hapo, usikimbilie barua ya kujiuzulu, pumzika miezi kadhaa na zile kazi za kuomba michango na kuamua, ubaki na vitabu.

Ahadi zako mwenyewe za zamani, kwa ufupi: kama uliahidi elfu hamsini za jengo na fundi ameshapewa kazi kwa hesabu hiyo, lipa au uwaambie mapema huwezi. Fungu la kumi la kila mwezi unaweza kuacha leo, hilo halikuwa deni la mtu. Uliyotoa zamani usiidai.

Kwa hivo kama ungeniuliza mimi: mkusanyaji wa zaka, toka kwanza, sababu baadaye. Mutawalli, soma sharti, tafuta wa kumpokeza. Mweka hazina wa kanisa anayesimama mbele, shuka mbele wiki hii, kabidhi baada ya mkutano mkuu. Anayehesabu tu nyuma na wenzake, una muda, usijitese. Mwenye usalama na riziki yake na hamtegemei mtu, sema wazi kama unataka, lakini kabidhi vitabu kwanza ndio useme, usigeuze mpangilio huo, manake ukisema kabla hujakabidhi kila shilingi iliyopotea tangu kanisa lijengwe itakuwa yako.

Na kukabidhi usingoje "nikipata mtu anayefaa". Huyo mtu hatapatikana, kila mwenyekiti atakwambia hakuna mwengine kama wewe. Mpe tarehe, iandike kwenye barua, mwezi mmoja au miwili mbele, weka nakala, na ikifika siku hiyo vitabu viwe mezani hata kama atakayevichukua ni mwenyekiti mwenyewe.